Bwana Harusi wa Mchangani

Septemba 2

Daktari anasema kila anayefanya kazi na wanyama aandike kila siku, hata kama hakuna la maana, kwa sababu kichwa kikishajua mwisho wa jambo hupenda kupanga upya mwanzo wake. Daftari la kazi ni lake. Hili ni langu, na hatalisoma.

Kituo chetu ni ofisi ya zamani ya machimbo ya mchanga. Vyumba ni vitatu. Cha kwanza analala Daktari, cha pili ni maabara yenye meza ndefu, hadubini, sinki lisilotoa maji na rafu ya chupa. Cha tatu ni stoo. Mbele ya mlango kuna tuta la mchanga, la mwisho lililobaki. Mengine yote yameshakuwa majumba ya watu. Upande wa barabara limekatwa wima kama mkate. Chini yake limeegeshwa tingatinga, na mwenye kuliendesha ni mume wangu.

Machimbo yamesimamishwa na Idara ya wanyamapori mpaka mwisho wa Desemba, na sababu ni mjusi. Mwaka jana Daktari, msomi wa wanyama watambaao, alipita hapa akaona mjusi asiyefanana na wowote anaowajua. Akithibitisha kwamba ni spishi mpya na kwamba anaishi kwenye tuta hili peke yake, tuta halitaguswa tena. Asipothibitisha, litapakiwa kwenye malori. Kazi yangu ni kukamata, kuhifadhi na kufunga lebo. Mume wangu anakaa nyumbani akinitazama nikienda kazini. Wenzake wameshanibandika jina: Mama Chupa.

Septemba 4

Upepo. Hakuna nyayo. Tumeosha chupa.

Septemba 5

Wa kwanza! Inabidi kwenda jua likichomoza, kabla upepo haujafuta usiku. Nyayo zake ni kama mshono wa cherehani, na katikati kuna mstari wa mkia. Unaufuata mshono mpaka unapokatika ghafla. Pale amezama. Hazami wima kama jiwe. Anaogelea chini ya mchanga kama samaki, kwa hiyo ukichimba pale alipozamia unakamata hewa. Unatanguliza mkono mbele, kiasi cha shubiri moja, unafumbata.

Nilifumbata nikahisi kitu kinapiga kama mshipa. Rangi yake ni ya mchanga wenyewe, na ubavuni ana michirizi ya chungwa. Kila kidole kina miba midogo pembeni, kama chanuo. Daktari alimtazama kwa miwani ya kukuzia mpaka jasho likamdondokea yule mnyama.

“Dada,” aliniambia, “huyu hana ndugu.”

Alasiri nikamkamata mwingine, mdogo, nusu ya mwenzake. Daktari alisema ni mchanga mno kwa chupa, tumfuge tuone atakuwaje. Nimemwekea beseni la plastiki lenye mchanga wa tuta, karibu na dirisha la maabara.

Septemba 9

Leo nimehifadhi wa kwanza. Analazwa kwa dawa, anadungwa fomalini, ananyooshwa kwenye trei vidole vikiwa vimetanuliwa kwa pini, halafu anahamia kwenye spiriti. Kipande cha ini kinaingia kwenye kichupa chake na kupelekwa makao makuu ya utafiti wakapime vinasaba. Mwisho ni lebo, inayofungwa mguuni kwa uzi.

“Kuku mgeni hakosi kamba mguuni,” Daktari akasema, tukacheka wote wawili. Ni mtu mwema. Anapika chai mwenyewe na ananipa kikombe kisicho na ufa.

Baada ya kumpasua alikuta mayai. Kwa hiyo ni jike. Daktari akanieleza shida iliyopo. Mijusi wa jamii hii hutofautishwa kwa madume: rangi ya koo na vitundu vya chini ya mapaja. Vitabu vyote vimepangwa hivyo. Maelezo ya spishi bila dume ni kama picha ya harusi isiyo na bwana harusi. Watamrudishia maandishi yake wakimwambia amechanganya na mjusi mwingine. “Tukipata dume mmoja, dada, tuta limepona.”

Tukamtazama yule mdogo wa kwenye beseni. Hajaonyesha dalili yoyote ya ujike. Daktari akampa jina: Bwana Harusi. Akikua tutamjua.

Septemba 13

Mama mkwe aliniuliza mezani, “Huyo mjusi wenu ana faida gani?”

Nikasema hana faida, yupo tu.

“Kama mwanangu sasa hivi,” akasema, akamsogezea mume wangu bakuli la mboga.

Mume wangu hakucheka. Baadaye, nikiosha vyombo, alisimama nyuma yangu. “Mke wangu, nikuulize jambo moja. Ukishinda wewe, mimi nimeshindwa. Unalijua hilo?” Nikamwambia najua. Akachukua kitambaa akakausha sahani zote, hata zile zilizokwisha kukauka.

Septemba 20

Nitaandika kwa utaratibu kwa sababu siku hii ni muhimu.

Nilikuwa mgongoni mwa tuta, upande wa kivuli. Niliona mijusi wawili, mmoja juu ya mwingine. Wa juu alikuwa amemng’ata mwenzake ubavuni na kumkunjia mkia chini. Sihitaji kufundishwa wanachofanya. Nilirudi mbio nikamwita Daktari, naye akaja na viatu vya ndani, tukalala kifudifudi, tukawaona sawasawa. Daktari alinishika mkono akaubana. Machozi yalimtoka.

“Yupo. Umemwona? Yupo.”

Tuliwarukia pamoja. Nilimpata mmoja, mwingine akazama. Maabarani tulimpasua: mayai.

“Umemkamata mke,” akasema Daktari, “mume ameruka dirishani.”

Nilifurahi pamoja naye. Mimi ndiye niliyewaona kwanza.

Septemba 21

Majike wawili.

Septemba 22

Majike wawili. Bwana Harusi anakula mchwa vizuri.

Septemba 26

Tumefukia ndoo kwenye mchanga mpaka ukingo, na kati ya ndoo na ndoo tumesimamisha bati la kuwazuia njia. Mjusi akilifuata bati anatumbukia. Ikifika saa nne asubuhi ndoo zote lazima zifunikwe, la sivyo jua litawapika. Mifuniko nimeitoboa matundu kwa msumari.

Jike mmoja. Daktari anasema madume huenda ni waoga.

Oktoba 3

Makao makuu wamepiga simu: vinasaba havifanani na vya mjusi yeyote wanayemjua. Daktari alicheza ngoma peke yake mbele ya rafu, mzee wa watu mwenye magoti mabovu. Nikapiga makofi.

Kisha akampigia Mkaguzi wa Idara, akarudi akiwa amepoa. Mkaguzi anataka maelezo kamili yaliyokubaliwa na wataalamu wenzake Daktari, na hao wanataka dume. “Wananiambia nina nusu ya mnyama.”

Oktoba 8

Kuna kitu nimekiona chini ya hadubini lakini sijui nikiite nini. Kila mmoja ana michirizi ile ile ya chungwa, na inakatika mahali pale pale. Nilimwonyesha Daktari. Akasema, “Ni ndugu wa tumbo moja, tuta lenyewe ni dogo.” Alikuwa anatafuta viatu vyake.

Oktoba 17

Leo tumetembea tuta zima na mshono tumeukuta mmoja tu. Mwanzoni asubuhi moja ilikuwa na nyayo mpaka zinachanganyikana.

Nilimwambia, “Daktari, tupumzike. Tuwaache wazaane kidogo.”

“Watazaana na nani kama dume hatujui alipo?” Akacheka, lakini macho hayakucheka. “Dada, sikiliza. Huu ndio mwezi wa kupandana. Tukimkosa sasa, Januari mume wako atawabeba wote kwenye kijiko cha tingatinga, madume, majike na mayai. Unataka wafe wangapi, hawa wachache au wote?”

Nikaufuata ule mshono. Jike.

Oktoba 25

Mume wangu alikuja kituoni leo kwa mara ya kwanza. Alisema amekuja kukagua betri ya tingatinga, lakini aliingia maabara akavua kofia. Alisimama mbele ya rafu muda mrefu. Mijusi wote wametazama juu, vidole vimetanuka, kila mmoja na lebo yake kwa mwandiko wangu.

“Wote hawa wametoka hapo nje?”

“Ndiyo.”

“Na mnawaokoa.”

Nikasogeza chupa moja nyuma kwenye rafu.

“Maana mimi nikigusa mchanga naitwa muuaji. Magazeti yalisema. Mama aliniuliza kama ni kweli.” Alivaa kofia. “Basi wewe umenishinda, Mama Chupa. Mimi sijaua hata mmoja.”

Hajawahi kuniita hivyo. Ni jina la wenzake.

Oktoba 26

Sikwenda kazini. Nilimwambia Daktari ni homa.

Oktoba 30

Ndoo tupu. Daktari amesogeza mabati upande wa mashariki. Hapiki chai tena.

Novemba 4

Asubuhi nilikuta mchanga wa beseni umechimbuliwa pembeni. Nilifukua kwa brashi nikaona mayai mawili, meupe, laini kama ngozi ya sikio.

Bwana Harusi ametaga.

Tulicheka mpaka Daktari akashika meza. “Bwana harusi mjamzito!” Tangu tuanze kazi hatukuwahi kucheka hivyo. Halafu tukanyamaza kwa wakati mmoja, kwa sababu hilo lilikuwa tumaini letu la mwisho la ndani ya nyumba.

Nilimuuliza itakuwaje, maana mjusi huyu amekaa peke yake tangu akiwa mdogo. Akasema hutokea, kama kuku asiye na jogoo anavyotaga. Mayai matupu. Yataoza. Nimeyahamishia kwenye kopo lenye mchanga wenye unyevu na kulifunika. Sina sababu. Sikutaka tu kuyatupa.

Novemba 9

Mayai hayajaoza.

Novemba 15

Yai moja limebonyea. La pili limevimba kidogo. Nje, hakuna kitu. Tumekamata mmoja, mzee, mkia umekatika. Jike. Daktari alimpasua akiwa amesimama, hakuvuta hata kiti.

Novemba 21

Nitaandika kila kitu.

Saa nane mchana nilimwambia Daktari kwamba yai lililobaki limekua. Akasema mayai hayakui. Nikamwambia nimelipima. Akalichukua, akaingia stoo nami nyuma yake, akafunga dirisha na mlango ili giza liingie, akawasha tochi akaweka yai juu ya kioo chake.

Yai liliwaka kama taa ndogo nyekundu. Ndani kulikuwa na mishipa, myembamba kama uzi wa buibui, na katikati kitu cheusi kikidunda.

Daktari alizima tochi. Akaiwasha tena. Kisha akalirudisha yai kwenye kopo kwa upande ule ule lilivyokuwa, taratibu, akaketi juu ya gunia.

“Hakuna dume,” akasema.

Nilidhani anasema hatutampata. Nikamwambia bado kuna mwezi mzima.

“Dada, hunielewi. Hakuna. Hajawahi kuwepo. Wote ni majike. Wanazaa wenyewe, binti ni nakala ya mama. Ndiyo maana michirizi yao inakatika mahali pamoja.” Alikuwa anaongea na tochi. “Wapo mijusi wa hivyo duniani. Wachache, lakini wapo. Nimelifundisha jambo hili darasani. Miaka yote hiyo nimelifundisha, kwa mchoro ubaoni.”

“Lakini tuliwaona. Wawili, mmoja juu ya—”

“Hilo nalo nimelifundisha. Mmoja hujifanya dume, mwenzake apate kuivisha mayai. Kesho yake wanabadilishana.” Akafuta uso kwa mkono wenye mchanga. “Niliona nilichotaka kukiona. Nililia, unakumbuka? Nililia kwa furaha.”

Mlango ulikuwa bado umefungwa na joto lilikuwa linatupika kama ndani ya ndoo. Nikaufungua. Mwanga uliingia mpaka maabara ukapiga rafu. Nilikuwa nimeizoea ile rafu. Kila mmoja pale alikuwa anatosha. Mmoja tu aliyeachwa mchangani angejaza tuta upya, bila kumtafuta mtu. Na sisi tuliwaua mmoja mmoja kwa kosa la kutokuwa mume wao.

Daktari aliniuliza kama bado wapo nje. Nikamwambia ukweli: mara ya mwisho kuona mshono ni wa yule mwenye mkia uliokatika.

Novemba 22

Tumetembea tangu alfajiri. Tumefukua ndoo zote na kung’oa mabati. Hakuna nyayo ila zetu.

Novemba 24

Hakuna.

Novemba 27

Nimemsimulia mama mkwe, kwa sababu mume wangu alikuwa hataki kusikia. Aliniacha nimalize. Yeye alimlea mwanawe peke yake tangu mimba, mtaa mzima unajua.

“Wasio na waume,” akasema. “Na nyinyi mkawa mnawafungua matumbo mmoja mmoja kuuliza, mumeo yuko wapi?”

“Ndiyo, Mama.”

“Swali hilo nimelisikia sana.” Akaendelea kuchambua mchele. Baadaye akasema, kama anayejisemea, “Angalau mimi waliniuliza nikiwa mzima.”

Desemba 3

Hakuna.

Desemba 8

Daktari alitaka kumrudisha Bwana Harusi kwenye tuta. Tulibishana. Mimi nilisema tusubiri, tangu atage amedhoofu na mchwa anawatazama tu. Yeye alisema akiwa nje angalau kutakuwa na mmoja wa kumwonyesha Mkaguzi. Nikamuuliza, “Tunamrudisha kwa ajili yake au kwa ajili ya Mkaguzi?” Aliniangalia kama mtu aliyepigwa kofi. Hatukumrudisha.

Sijui nani alikuwa sahihi.

Desemba 11

Bwana Harusi amekufa. Nilimkuta juu ya mchanga, hakuzama. Wazima huzama.

Desemba 12

Maandishi ya Daktari yamekamilika. Wataalamu wenzake wameyakubali kwa siku chache tu, yai na mishipa yake vimewamaliza ubishi. Spishi mpya ina uhakika kuliko tulivyoota.

Katika kila spishi lazima mnyama mmoja awe mbeba jina, yule atakayewekwa makao makuu, wengine wote duniani wapimwe kwake. Daktari amemchagua Bwana Harusi. Nimemhifadhi mwenyewe. Nilimnyoosha vidole kimoja kimoja na kumfungia kamba mguuni. Lebo yake ni nyekundu.

Halafu akaniambia angependa jina la kitaalamu la mjusi litokane na jina langu. Ni heshima kubwa, alisema, halifutiki.

Nikamwambia, “Ndiyo maana silitaki.”

Alikubali kwa kichwa. Ameandika jina la Kilatini lenye maana ya “aliye peke yake”. Nadhani ni sawa.

Desemba 18

Mkaguzi amekuja, kijana mwenye viatu safi, mpole. Tulipanda naye tuta alfajiri. Alisoma maandishi yote, akampa Daktari mkono wa pongezi, kisha akasema, “Sasa nionyesheni mmoja aliye hai.”

Tulizunguka mpaka jua likawa kali. Viatu vyake vikajaa mchanga, hakulalamika.

“Kuna yai,” Daktari akasema.

“Daktari, mimi nalinda tuta kwa sababu ya wanaoishi ndani yake. Siwezi kulinda tuta kwa sababu ya kopo.” Alisema kwa huruma kabisa. “Mmethibitisha kwamba ni spishi, na kwamba hakuishi kwingine. Na sasa hapa hayupo. Nitaandika nini?”

Daktari hakumsaidia kuandika. Alikuwa ameinama, amefumbata mchanga, shubiri moja mbele ya mahali ambapo hapakuwa na mshono wowote.

Desemba 20

Daktari ameondoka na chupa zote. Tulizifunga kwenye magazeti, tukazipanga kwenye masanduku. Aliniachia kopo, hadubini ndogo, na chupa moja tupu yenye spiriti tayari.

“Likitotoa na akafa, utajua la kufanya.”

“Na akiishi?”

Alikuwa ameshaingia garini. Alishusha kioo. Akapandisha.

Nimekuwa nikimfikiria kama mtu mwema, halafu kama mwendawazimu. Leo nimeona ni mzee anayeogopa kuuliza njia.

Desemba 26

Yai linatoa jasho.

Desemba 28

Limepasuka asubuhi. Mkubwa kama msumari wa kiatu, michirizi inakatika pale pale. Nimemhamishia kwenye ndoo ya kutegea, moja ya zile tulizozifukua, nikiwa nimemwagia mchanga wa uani tunaojengea. Hawezi kuzama. Anasukuma kichwa, anarudi juu, anasukuma tena. Mchanga wetu una chenga kubwa. Ule wa beseni aliufungasha Daktari pamoja na chupa ya Bwana Harusi, mama wa huyu mdogo, na tuta limeshafungwa na wenye machimbo.

Anatetemeka. Asiyezama hali kitu.

Idara imefungua machimbo kabla ya muda. Mume wangu ameitwa kazini, wanaanza kesho. Usoni ana furaha na anaificha, najua anaificha kwa ajili yangu.

Desemba 29

Mume wangu aliondoka kabla sijaamka. Nilikuta mjusi juu ya mchanga, macho nusu wazi. Nikaiweka chupa ya Daktari mezani. Nikaandika lebo, ila tarehe nikaiacha.

Nilikuwa nasubiri kusikia tingatinga. Halikusikika. Badala yake mlango ulisukumwa kwa mguu, mume wangu akaingia akiwa na ndoo nyingine, viatu na nywele vimejaa vumbi.

“Mchanga wa kileleni kabisa,” akasema. “Kabla sijagusa. Wenzangu wananisubiri, wanadhani nimekwenda haja.”

Mchanga ulikuwa laini kama unga, bado una ubaridi wa usiku. Nilimchota yule mdogo kwa kijiko cha chai nikamweka juu yake. Alikaa. Mama mkwe alisogea na kiti chake. Kisha mjusi akatikisa mabega mara moja, mara mbili, na mchanga ukamfunga. Yalibaki macho mawili.

“Amekwenda,” akasema mama mkwe.

“Yupo,” nikamwambia.

Mume wangu aliweka mfuniko wenye matundu, akaupiga kidogo kwa kiganja kama anavyopiga kofia yake, akatoka. Muda si mrefu tingatinga likanguruma kule ng’ambo, na maji ya kwenye mtungi yakawa yanatetemeka.

Nimemtupia mchwa mmoja. Sijui kama amemla. Mchwa ametoweka, na mchwa nao huzama.

Chupa nimeifuta vumbi. Bado ipo mezani.